Bangili ya Mkubwa

Nimemzidi ndugu yangu mwaka mmoja na miezi miwili. Naanza na hilo kwa sababu kwa muda mrefu hapakuwa na mtu aliyeliamini, na niliapa kwamba siku nikiandika habari zetu litatangulia mbele ya yote.

Ni mtoto wa mama mdogo, yaani mdogo wake mama yangu, aliyeolewa delta, mto unapoingia baharini, kwenye kisiwa ambacho ili ukifikie unapanda boti Nyamisati na kupita katikati ya mikoko mpaka uchoke kuiangalia. Sekondari ilikuwa mbali na kwao, kwa hiyo alipomaliza darasa la saba wazee wakakubaliana aje kukaa kwetu, nje kidogo ya Kibiti, tusome pamoja. Mimi nilichelewa kuanza shule kwa sababu ya kuuguaugua, ndiyo maana tuliangukia kidato kimoja. Alikuja na begi, ndoo, na furushi la mkeka lililonuka bahari. Mama akamwambia, "Huyu ndiye dada yako. Umheshimu." Akanishika mikono yote miwili akasema, "Shikamoo, dada." Shikamoo kwa mtu aliyekuzidi mwaka mmoja ni nyingi, lakini ndivyo alivyolelewa. Tatizo ni kwamba alipoisema ilimbidi ainame.

Jirani yetu alikuwa anaanua nguo. Akatuchungulia, akamwita mama: "Hongera bibi wee, umeletewa binti mkubwa. Huyo mdogo sasa kapata wa kumsaidia kuchota maji." Mdogo aliyesemwa ni mimi. Mama alicheka tu, na mimi nikaingia ndani nikajifanya natafuta kitu.

Tulipofika kidato cha pili nilikuwa na miaka kumi na sita na kimo cha mtoto wa darasa la tano. Sketi ya shule niliibana kwa pini mbili kiunoni. Nywele zilikatika mbele zikaacha paji la uso likienda nyuma kila mwezi. Jembe liliwahi kunikwaruza muundi tukipalilia mihogo mwezi wa pili, na mwezi wa tano kidonda kilikuwa bado kinatoa maji. Chakula nacho kilinipotea ladha. Nilimlaumu mama kwa chumvi kila siku, mpaka siku moja akaniwekea kopo zima la chumvi mbele yangu kwenye mkeka akasema, "Haya, jipikie."

Kitu kimoja tu kilikuwa kitamu kinywani mwangu: udongo. Sizungumzii ule wa vidonge wanaouza sokoni kwa wajawazito. Mimi nilikula ukuta wa jiko letu. Nyuma ya mlango, mahali pasipoonekana, nilikuwa nakwangua kwa kucha, hasa mvua ikinyesha na udongo ukatoa ile harufu yake. Nilikwangua mpaka likatokea shimo la kuingia chungwa. Siku moja nikaenda nikakuta shimo limezibwa vizuri, limepigwa udongo mbichi na kulainishwa kwa kiganja. Ndugu yangu alikuwa anafagia uani na vidole vyake vilikuwa na tope. Hakuniambia neno, na hakumwambia mama. Badala ya kumshukuru nilimchukia siku tatu, kwa sababu ameniona.

Kwetu tulikula kama watu wengi wa kando ya barabara huku: ugali na mchicha, wali na kisamvu, maharage, uji. Nyama tuliiona Idi na kwenye maulidi. Baba ni mtu wa milimani kule kusini, Mmatumbi, aliteremka ujanani kutafuta shamba la mikorosho, na jioni hufundisha watoto chuo, yaani Kurani. Mkewe alimtwaa kwa watu wa bonde la mto lakini vyakula vya delta hakuvitwaa. Kaa kwake ni makuruhu, kitu ambacho dini inapendelea kiachwe, na chaza sijui aliwaweka fungu gani, ila alikuwa akisema kinachong'ang'ania mti ndani ya matope si kitoweo.

Ndani ya lile furushi mlikuwa na chaza. Wanawake wa kwao huwabandua kwenye mizizi ya mikoko maji ya bamvua yakitoka, huwachemsha, huwatunga kwenye vijiti na kuwaanika. Baba yake alimtumia kila baada ya wiki mbili kwa dereva mmoja wa bodaboda anayekwenda Nyamisati, na mara nyingine walikuja na kaa wazima waliofungwa kamba magando. Jumamosi, baba akiwa shamba, ndugu yangu aliwapika nyuma ya jiko kwenye kisufuria chake mwenyewe, kile kilichong'oka mkono mmoja. Alikuja nacho kutoka kwao, na alikiosha na kukificha mbali na vyombo vyetu. Mama alikula naye, wamechuchumaa, wakinyonya miguu ya kaa na kucheka kama mtu na shoga yake. Na kila Jumamosi aliniita: "Dada, njoo uonje basi, kidogo tu."

"Sili wadudu," nilimjibu.

Nilikuwa na njaa, msidhani. Nilikataa kwa sababu mama hakuwahi kucheka hivyo na mimi.

Sasa niwaambie habari ya bangili. Bibi yetu, mama yao mama zetu, anakaa Umwe. Ana bangili ya fedha, nzito, isiyo na kifungo, aliyovishwa na bibi yake siku aliyotolewa nje baada ya kuwekwa ndani na kufundwa. Ahadi yake ilikuwa kwamba itakwenda kwa mjukuu wake mkubwa wa kike, siku hiyohiyo ya kutolewa. Mjukuu mkubwa ni mimi. Toka nina miaka mitano nilikuwa naitazama kwenye mkono wa bibi akichambua mchele, na bibi alikuwa akisema, "Itazame mali yako." Kwa hiyo nilisubiri kuvunja ungo kama wenzangu walivyosubiri matokeo ya mtihani. Wasichana wote wa mtaa wetu wa umri wangu walishapita. Wakanipita na wa mwaka uliofuata.

Mwezi wa sita, likizo, akavunja ungo yeye, ndugu yangu.

Bibi alikuja kutoka Umwe na somo, yaani kungwi wa kumfunda, wanawake wakajaa, ngoma ikawambwa. Zamani mwali alikaa ndani miezi, siku hizi shule imebana, wakamweka wiki moja. Chumba walichomweka ni kile tulichokuwa tunalala wote wawili. Mimi nilihamishwa. Ambaye hajafundwa haruhusiwi kuvuka kile kizingiti, na mwanamke mmoja aliyekaa mlangoni alinizuia kwa mguu nilipokwenda kuchukua madaftari yangu. "Nenda kacheze, mwanangu," akaniambia. Siku ya kumtoa, wanawake walikula ndani na mimi nikawekwa uani kwenye sinia la watoto. Kushoto kwangu alikaa mtoto wa miaka sita anayelia, kamasi zikidondoka ndani ya wali. Nilisikia vigelegele, nikajua mwali ametoka.

Alikuwa amevaa doti mpya na uso ameinamisha. Bibi akaivua bangili, akamvalisha, akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote, "Chanda chema huvikwa pete." Halafu akaniona mimi na mkono wangu wenye mafuta ya wali. Akasema taratibu, kama anayejitetea, "Mkubwa ni aliyetangulia kukua." Nimesikia matusi mengi maishani lakini hakuna lililonikaa kama lile, na lilitoka kwa mtu anayenipenda.

Tuliporudishwa chumba kimoja, ndugu yangu aliivua akanisogezea. "Dada, ikae kwako. Mimi najua ni yako."

"Makombo sitaki," nikamwambia, nikageukia ukuta.

Tangu hapo wivu ukawa kazi yangu. Nilikuwa nahesabu mambo yake: mara ngapi mama amemsifu, vipi kidonda chake cha mguuni kilifunga kwa siku nne na changu kinaingia mwezi wa sita, vipi nywele zake zinasukika na zangu zinabaki kwenye kitana. Niliuonea wivu hata usingizi wake. Alikuwa akilala mara tu akiweka kichwa, na mimi nikawa nasikiliza bangili ikigonga ukuta kila akijigeuza.

Mwezi wa tisa wakaja watu wa afya shuleni. Walitupanga nje ya darasa, wakatupima kimo na uzito, wakatuzungushia utepe mkononi, wakachukua damu. Zamu yetu ilipofika, muuguzi mmoja alimtazama ndugu yangu, akanitazama mimi, akamwambia yeye kwa upole kabisa, "Hebu mshike mdogo wako mkono, naona anaogopa sindano." Mstari mzima ukaangua kicheko. Wavulana walilipokea neno hilo wakaenda nalo; wiki nzima nikipita wananiambia, "Mdogo, ushikwe mkono?" Na baya zaidi ni kwamba alinishika kweli. Alinishika na hakucheka.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Baba hufunga sunna Jumatatu na Alhamisi, na siku hizo hufuturu uji unaopikwa kwenye sufuria lake, dogo, jeupe, ambalo halipikiwi kitu kingine. Alhamisi ile, magharibi ilikuwa inakaribia, ndugu yangu yuko kisimani, mama anatawadha. Baba alikuwa amekaa anasubiri adhana. Nikamsogelea nikakaa chini kama mtoto mwenye adabu.

"Baba," nikasema, "huo uji usinywe. Jumamosi niliona kaa wanachemshwa kwenye sufuria hilo."

Ilikuwa uongo mtupu. Nilikuwa nimeutengeneza siku mbili, nimeupima kama mtu anayepima nguo, na uliponitoka ulinikaa sawasawa. Baba alikiweka kikombe chini. Adhana ilipolia akafuturu kwa maji.

Ndugu yangu aliporudi na ndoo kichwani aliulizwa pale pale. "Baba mkubwa, sikulitumia sufuria lako," akasema. "Ninacho kisufuria changu."

"Dada yako amekuona."

Akageuka akanitazama. Najua alichokuwa anakifikiria, maana na mimi nilikuwa nakifikiria hichohicho: lile shimo la nyuma ya mlango. Neno moja tu angelisema, kwamba huyu mwenye kuogopa uchafu wa sufuria anakula ukuta. Nilisubiri. Alitua ndoo akasema, "Kama dada amesema, basi." Alininyamazia kama mdogo anavyomnyamazia mkubwa wake, na ilikuwa mara ya kwanza ukubwa wangu kufanya kazi.

Jumamosi dereva wa bodaboda alipoleta furushi, baba alimsimamisha nje. "Rudisha. Nyumba hii haipokei uchafu." Baba si mtu mkali. Nadhani alikuwa bado anakumbuka funga yake. Lakini neno likishapanda bodaboda halirudi, likafika Nyamisati, likapanda boti.

Siku tatu baadaye akaja baba mdogo, mume wa mama mdogo. Ni mtu mpole, mrefu. Alikataa mkeka, alikataa maji. Alisimama uani akasema, "Mwanyumba, sisi tumeoa nyumba moja, nakuheshimu. Mwanangu alikuja kwako na kitoweo chake, hakuja na uchafu. Lakini kama chakula chetu ni uchafu, basi na yeye tumemlisha uchafu miaka kumi na mitano. Namrejesha kwa wachafu wenziwe."

Mama alilia. Baba alijaribu kusema kitu kuhusu mtihani wa kidato cha pili, kwamba umekaribia. Baba mdogo akajibu kwamba mitihani ipo kila mwaka. Waliondoka na begi na ndoo na kile kisufuria.

Nilipoingia chumbani nilikuta bangili juu ya sweta langu la shule. Hakuacha maneno. Nikafunga mlango, nikaivaa. Nikanyoosha mkono niione inavyong'aa, na ilipofika chini ikateleza, ikapita kiganja, ikapita vidole, ikaanguka sakafuni na kuviringika mpaka chini ya kitanda. Nilijaribu mkono wa pili. Nilijaribu na kukunja ngumi. Mwisho niliifunga kwenye kitambaa nikaisokomeza chini ya godoro.

Mtihani ulipofika, meza yake ilikuwa mbele yangu. Msimamizi aliita namba yake mara mbili, kisha akaweka karatasi yake ya maswali kifudifudi mezani, ikakaa hivyo mpaka muda ulipokwisha. Kwenye mtihani wa baiolojia upepo uliingia ukaiangusha. Niliiokota mimi nikairudisha.

Majibu ya damu yalikuja mwezi wa kumi na mbili. Mama na mimi tukaitwa kituo cha afya. Alikuwa muuguzi yuleyule. Alituambia nimepungukiwa madini yanayoitwa zinki, na chuma nacho kidogo. Mama aliuliza zinki ndiyo ya mabati? Muuguzi akasema jina ni hilohilo, ila kwenye mwili inahitajika chembe ndogo tu, na ikikosekana kwa mtoto anayetaka kukua, kukua kwenyewe kunachelewa, vidonda vinasita kufunga, nywele zinakatika, chakula kinapoteza ladha. Alikuwa ananisoma mimi kama kitabu kilichofunguliwa. Halafu akauliza, "Unakula udongo?"

Nikakunja vidole kuficha kucha.

"Udongo unazuia hata ile kidogo unayoipata isiingie mwilini. Na ugali na majani peke yake havitoshi. Nyama, maini, mayai, maharage." Akatabasamu. "Na nyinyi wa huku mna bahati mbaya tu ya kutojua bahati yenu. Chaza wa mikoko hapo delta, na kaa. Kwa zinki hakuna kinachomshinda chaza. Mnao ndugu huko?"

Mama akasema, "Tunao." Hakunitazama.

Dirishani pa dawa palikuwa na foleni ya kina mama wenye vichanga. Vidonge vya zinki walivyonavyo ni vile wanavyopewa watoto wanaoharisha, unakiweka kwenye kijiko na maji kikayeyuka. Mtoa dawa alisoma cheti akatafuta kwa macho kifuani kwa mama, halafu mgongoni. "Mtoto yuko wapi?"

"Ndiye huyu," mama akasema.

Mimi niliyekuwa nataka kuwa mwanamke kuliko nilivyotaka pepo, nikapokea dawa ya kuharisha ya mtoto mchanga mbele ya watu kumi na watano.

Njiani mama alitangulia mpaka kwenye mikorosho yetu. Akasimama. "Sufuria la uji, Jumamosi ile, nililiosha kwa mkono wangu huu na nilililaza kabatini. Halikutoka. Nilijua tangu siku ile."

"Kwa nini hukusema?"

"Kumwita mtoto wangu mwongo mbele ya baba yake sikuweza. Ikawa nimemuuza mtoto wa mdogo wangu. Mimi dhambi yangu nimeibeba. Yako utaisema mwenyewe, leo, na udongo wako pia."

Nilimwambia baba baada ya alasiri, akiwa anafunga juzuu za watoto. Nilisema yote, nikaenda nikamwonyesha na ukuta. Aliingiza kidole kwenye shimo jipya, maana nilishachimba jingine. Akajifuta kidole, akauliza, "Nililirudisha furushi kwa ajili ya hili?" Kesho yake alfajiri akavaa kanzu yake ya Ijumaa akaniambia nivae, tunakwenda Nyamisati.

Baba hajui kuogelea, na boti anaiogopa. Njia nzima alishika ubao kwa mikono miwili akinong'ona dua, mikoko ikipita huku na huku. Tulipofika maji yalikuwa yametoka. Ndugu yangu alikuwa huko chini kwenye matope na mama yake, kanga wamezipandisha, panga mkononi, anabandua chaza. Alikuwa amezidi kurefuka. Nilikuwa nimekuja kutubu, na jambo la kwanza lililonijia moyoni lilikuwa wivu. Alikuwa anatembea kwenye yale matope ambayo mimi hatua ya pili tu nilizama mpaka goti.

Baba hakusubiri kukaribishwa. Alisimama mbele ya mwanyumba wake akasema, "Nilisema neno baya kwa kusikia uongo. Uongo umetoka nyumbani kwangu, na neno limetoka kinywani mwangu. Niwie radhi." Mimi nyuma yake nilikuwa nalia. Baba mdogo alimwangalia, akaangalia kanzu yake yenye tope, akasema, "Karibu chakula."

Sinia lilikuja na wali, chaza wa nazi, na kaa wawili juu. Nilimwona mama mdogo akimwekea baba kibakuli cha maharage aliyokuwa amempikia pembeni. Baba alikisogeza kile kibakuli kando. Akasema bismillahi, akachukua chaza, akala. Akachukua wa pili. "Makuruhu si haramu," akasema, mdomo umejaa, "na kumtia unyonge mwenye nyumba ni kubaya zaidi." Kisha akamuuliza ndugu yangu, "Umepika weye?"

"Ndiyo, baba mkubwa."

"Mashaallah. Kitamu."

Sasa nitasema ukweli. Nimempikia baba tangu nina miaka tisa na hajawahi kuniambia mashaallah. Pale pale kwenye sinia la toba, na chozi langu la kwanza halijakauka, kijicho kikanishika tena.

"Dada, kula basi," ndugu yangu akasema. Akanichagulia gando kubwa akalivunja kwa meno, akaniwekea upande wangu. Nilikula. Sikusikia ladha, nilisikia ulaini tu na moto. Nikaendelea kula, na yeye akaendelea kuniongezea, hakuniuliza lolote kuhusu sufuria.

Baadaye nilimtolea ile bangili kwenye kitambaa. Akanivalisha yeye, ikateleza ikamwangukia mapajani. Nilitaka kufa. Aliiokota, akaivaa mwenyewe akasema, "Nitakushikia. Mkono wako ukijaa uje uichukue."

Ulichukua muda. Kidonda kilifunga kwanza, kama mwezi mmoja na nusu baadaye, kikaacha kovu linalong'aa. Kisha siku moja nikakiri kwamba mchuzi wa mama una chumvi nyingi, na mama akaenda kulilia jikoni. Furushi linakuja kila wiki mbili na linapikwa kwenye sufuria lolote lililo karibu, isipokuwa lile jeupe. Niliwekwa ndani mwaka uliofuata, na aliyekaa nami akinilisha ni ndugu yangu. Leo bangili hainitoki bila sabuni.

Lakini ninayoikumbuka zaidi ni asubuhi moja ya mwezi wa kwanza, shule zilipofunguliwa. Baba mwenyewe alikuwa amemrudisha ndugu yangu kwetu. Aliyekosa mtihani hurudia mwaka, kwa hiyo mimi nilikuwa naingia kidato cha tatu na yeye anaanza tena cha pili. Getini alikuwapo mwalimu mgeni na daftari la majina. Alitutazama, mmoja mrefu na mmoja mfupi. Akamuuliza yeye, "Mdogo wako huyu yuko kidato gani?"

"Mdogo ni mimi, mwalimu," ndugu yangu akasema. "Huyu ni dada yangu. Yuko kidato cha tatu."

Mwalimu aliangalia daftari, akaona ni kweli, akaniomba radhi. Akaniambia nipite mbele, kwenye mstari wa wakubwa. Nikapita.